Mtu Aliyenibebea Mizigo

Chumba cha wageni,
Nyumbani kwa wakwe wa Chiriku,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Pokea kwanza salamu zangu, aibu yangu utaipokea mbele ya safari. Hujambo? Goti limetulia, au bado linakutabiria mvua? Shemeji kikohozi kimemwachia? Nilipoondoka alikuwa anakohoa mpaka kuku wanaamka, na nimekuwa nikimfikiria. Mwambie aache ubishi aende akapimwe.

Sisi huku ni wazima. Chiriku wetu ni mzima, tumbo limeshashuka, miguu imemvimba kidogo lakini mkunga anasema hilo lisitutishe. Mumewe naye hajambo. Anafanya kazi za zamu na akirudi nyumbani anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi ili asimwamshe mkewe. Ni kijana mwema. Hapo nilikuwa nimekosea kumtilia shaka, na si hapo peke yake.

Kabla sijasahau: gauni la mwalimu wa kwaya liko kwenye kabati la dukani, sehemu ya chini, limefunikwa gazeti. Pindo sijalikaza. Usimpe mpaka ulikaze, maana yule akitembea anakanyaga nguo yake mwenyewe halafu analaumu fundi.

Sasa, najua umenikasirikia. Ulinipigia simu, nikakujibu kwamba nimefika salama, nikakata. Mtu ambaye ukoo mzima unamwita Redio, akate simu kwa maneno mawili! Lazima ulijua kuna jambo. Lipo, Dada. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa sababu mdomo ndio ulioniponza, nikaona bora kalamu ijaribu. Ila nakuomba, barua hii isome peke yako. Usiwasomee majirani pale barazani kama tulivyozoea.

Unakumbuka ulivyonikataza kubeba kichwa cha cherehani ya marehemu mama. Ulisema, wewe mwanamke, utasafiri na chuma kama unakwenda kufungua karakana? Sikukusikia. Nilikizungushia blanketi, nikakitia kwenye boksi, nikalifunga kamba. Juu yake masanduku mawili, na ule mfuko wa nguo za mtoto uliokuwa unataka kupasuka. Kwenye ndege nilikalia miwani yangu mwenyewe. Ilipotua, simu nayo ikawa bubu, haipigi wala haipokei. Basi nikashuka nchi ya watu nikiwa sioni vizuri, sisikii habari, na nimeelemewa kama punda wa sokoni.

Chiriku alikuwa ameniambia mumewe ndiye atakayenipokea. Huyo namjua kwa urefu, hata kivuli chake ningekitambua. Nikasimama pale nje ya mlango na toroli langu. Watu wamejaa, kila mmoja anampungia mtu wake, na mimi bila miwani naona nyuso kama mikate iliyolowa maji. Nikangoja mpaka watu wakaanza kupungua. Kijana mrefu hakuna.

Pembeni walikuwapo wachukuzi wa mizigo, wamevaa ovaroli za bluu, wanawaita abiria. Mara akanijia mmoja, mtu mzima wa rika letu, ovaroli ya bluu, anahema kama aliyekimbia. Akashika toroli.

"Karibu sana, mama. Pole na safari," akasema. "Samahani nimechelewa. Mimi ni..."

"Najua wewe ni nani," nikamkatiza. "Miwani yangu imevunjika lakini mimi si kipofu. Humo ndani mna chuma, ukikiangusha tutagombana. Mjini tunafikaje?"

Akanitazama. Akafungua mdomo tena. "Mama, ngoja nikueleze. Yule kijana..."

"Kijana wangu hajaja, nimeshaona. Wewe sukuma."

Dada, akasukuma.

Kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini ni kwa treni, na kituo chake kiko chini ya ardhi. Kuna lifti, lakini siku hiyo ilikuwa imefungwa utepe mlangoni. Ngazi zilikuwa nyingi na za mwinuko mkali. Yule mtu akashusha masanduku kwanza, akapanda tena, akalikumbatia boksi la cherehani akateremka nalo upande upande. Nikaona anachechemea. Unadhani nilimwonea huruma? Nilisimama juu na mfuko wa nguo za mtoto, nikawa namwelekeza kama askari wa barabarani. Polepole baba. Usilikwaruze. Weka mguu wa kushoto kwanza.

Tulipofika chini nikamwambia, "Kazi hii inataka vijana. Wewe kwa nini hujapumzika?"

"Nitapumzika, mama," akasema, huku anajifuta jasho.

"Na una vumbi kichwani. Mtu anayepokea wageni hujipangusa."

Akajipangusa. Tiketi akakata yeye, yangu na yake, nami nikaona ndio utaratibu wao. Nikampa kile kikaratasi cha anwani alichoniandikia Chiriku. Akakisoma, akakikunja, akanirudishia.

"Napajua," akasema.

"Unapajua vizuri?"

"Vizuri sana."

Treni ilikuwa nusu tupu. Tukakaa tukitazamana, mizigo katikati yetu. Nikanywa maji. Nakumbuka kuwa nilikunywa kwa muda mrefu, kwa sababu baadaye niliambiwa jambo kuhusu kimya kile, utalisikia. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kuongea. Mtu akikubebea mizigo unaona ni lazima umpe angalau mazungumzo.

"Mtaa ule unawajua watu wake?" nikamuuliza.

"Kiasi."

"Ndiko alikoolewa binti yangu. Afadhali nikuambie wewe mpita njia, maana hawa ninaokwenda kwao itabidi niwachekee tu."

Dada yangu, nikafungua gunia. Yale yote ambayo Chiriku aliniambia kwa simu usiku akilia, na akaniapisha nisimwambie mtu, niliyamwaga kwenye behewa la treni mbele ya mtu ambaye hata jina sikumuuliza. Nikamwambia kwamba binti yangu akishaosha vyombo, mama mkwe wake anaviosha upya mbele ya macho yake, kana kwamba mwanangu ana ukoma mikononi. Nikamwambia kwamba chumba chao mlango haufungiki sawasawa, mtu akipiga chafya nyumba nzima inasema pole. Na nikamwambia lile kubwa kuliko yote.

"Hii cherehani unayoiona ni ya bibi yake. Namletea ili ashone, apate kipato chake, maana wanatafuta chumba. Mtoto akishazaliwa tu, wanahama. Wakwe hawajui lolote. Wao wamekaa wanamsubiri mjukuu, na mjukuu anahamia mtaa mwingine!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake.

"Na baba mkwe je?" akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu tukae. Ningekuwa na akili ningejiuliza mchukuzi wa mizigo anamtakia nini baba mkwe wa watu. Lakini nilifurahi kwamba ananisikiliza.

"Huyo! Huyo ni seremala. Binti yangu anasema ametengeneza makabati mpaka na yeye amekuwa kabati. Yupo ukutani kutwa, na hakuna anayejua ndani mna nini."

Chiriku hakusema hivyo. Chiriku alisema tu kwamba baba mkwe wake ni mtu mkimya. Kabati nililiongeza mimi, ili maneno yapate ladha. Naandika hapa ili ujue kwamba nilimtumia mwanangu kama mdomo wa maneno yangu.

Tulishuka mjini. Kutoka kituoni hadi nyumbani si mbali, lakini njia ni ya mawe, na gurudumu la sanduku kubwa likakatika. Yule mtu akalitia boksi begani, akaburuta sanduku zima kwa mkono mmoja, lile bovu akaliegemeza pajani anatembea nalo hivyo hivyo. Nikajitolea kubeba mfuko. Njiani watu wakawa wanamwita. "Fundi! Leo umehamia kazi gani?" Mwanamke mmoja mwenye meza ya nyanya akaangua kicheko. Yeye akainua mkono kuwanyamazisha, akapita. Nikajisemea, siku hizi kila mtu ni fundi.

Tukafika mlangoni. Akatua mizigo, akanyoosha mgongo. Mimi nikachomoa noti, nikaikunja, nikamsokomeza kiganjani. Na kwa sauti ile yangu unayoijua, ya kujiona nimetenda wema, nikamwambia:

"Shika, baba. Umejitahidi. Lakini usiende kunywea, ukawanunulie watoto chakula."

Mlango ukafunguka wakati kiganja chake bado kiko ndani ya changu.

"Mume wangu, mbona mmechelewa hivyo? Tumeshaanza kuogopa," akasema mwanamke aliyefungua. Na nyuma yake, tumbo mbele, akatokea Chiriku anacheka, machozi yanamtoka. "Mama! Umeshamwona baba mkwe! Walimbadilishia mume wangu zamu asubuhi, baba akaacha kazi karakanani akakimbia hivyo hivyo kukupokea. Nilikutumia ujumbe, hukuupata?"

Nilikaa. Sikutafuta kiti, nilikaa pale pale kizingitini, juu ya boksi la cherehani. Nilimwona yule mzee anaingiza mkono mfukoni taratibu kama mtu anayetafuta leso, ili noti isionekane. Kisha akasema:

"Mama amechoka. Mpeni maji. Tumezungumza vizuri njia nzima."

Watu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi ardhi isingenitosha. Wewe unajua harusi yao hatukuhudhuria kwa sababu nilikuwa namuuguza marehemu mama. Uso wa yule mzee niliuona kwenye picha moja tu, amevaa suti na kofia, anatazama pembeni. Miaka yote tunatumiana salamu kama wazazi wenza, na siku ya kwanza kuonana namwambia asiende kunywea.

Siku zilizofuata nilijifanya mgonjwa wa safari. Nilikaa humu chumbani na pazia nimelishusha. Mama mkwe wa Chiriku ananiletea uji, ananiletea maji ya moto ya kuogea, anagonga mlango kama anayeomba radhi. Chumba chenyewe, nimekuja kujua, si cha wageni. Ni chumba chao wao wazee. Wao wanalala sebuleni, kila asubuhi wanakunja godoro kabla sijaamka ili nisilione.

Na vyombo anaviosha upya, ni kweli. Niliviona kwa macho yangu. Chiriku aliosha, yeye akaosha tena. Lakini niliona pia kikombe alichokiosha yeye mwenyewe, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha kwenye beseni. Alikuwa mpishi wa hospitali maisha yake yote. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mikono yake haiamini kitu chochote kuwa ni safi, na kwamba anajua inamkera mkwewe lakini hajui atamwambiaje. Nikaitikia kwa kichwa. Ningesema nini? Nilikuwa nimeshamtangaza kwenye treni.

Mzee naye kila asubuhi ananiamkia kwa heshima kamili. "Umeamkaje, mzazi mwenzangu?" Hakuna kejeli, hakuna jicho la pembeni. Angenitukana ningepona. Heshima yake ilikuwa inanichoma kama pasi.

Mwishowe nikaona siwezi kuishi hivi. Jumatano, mchana, nikatoka uani. Ndiko iliko karakana yake, kibanda cha mabati chenye harufu nzuri ya mbao. Alikuwa anapiga randa. Nikasimama mlangoni, na mimi Redio mtangazaji nikakosa neno. Machozi yakatangulia.

Akaweka randa chini. Akanipangusia kiti.

"Mzazi mwenzangu," nikasema, "nimekukosea. Nimekukosea wewe, nimemkosea mkeo, nimemkosea na mwanangu. Lile neno la kabati si la Chiriku. Ni langu mimi."

Akaokota kipande cha mbao, akakigeuza. Kisha akasema, "Ni neno zuri. Ningekuwa sijatajwa mimi ningecheka."

"Usinifanyie mzaha, nakufa kwa aibu."

"Aibu tugawane, mama. Kule uwanjani ulinikatiza, sawa, hiyo ni yako. Lakini kwenye treni ulinyamaza. Ulikuwa unakunywa maji. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema mimi ni nani. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Halafu ukaanza kuniambia habari za nyumbani kwangu, na hapo ndipo mtu mwungwana angesema, simama mama, usiendelee. Mimi nikakuuliza swali."

Nikamtazama. Alikuwa anakwepa macho yangu, anachezea kipande cha mbao.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilitaka kusikia. Nyumbani mwangu watu wananipa heshima, hawanipi habari. Nikikaa mezani, mazungumzo yanageuka hali ya hewa. Mke wangu ananificha nisiumie, kijana ananificha nisikasirike. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kwa muda mrefu kuniambia kitu. Basi nikakuacha uniambie, kwa wizi."

Dada, sikujua nicheke au nilie. Nilikwenda kuomba msamaha kwa mtu, nikamkuta naye ameshika bakuli hilo hilo.

Nikamshika mkono, nikamsihi asiwaambie watoto kwamba anajua. Akasema hatasema. Watasema wenyewe wakiwa tayari, ni haki yao. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Hicho chumba wamekipata?" Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Akarudi kwenye randa.

Ningeishia hapo, aibu ingekuwa ya watu wawili na ingezikwa. Lakini nilikuwa siwezi kumtazama Chiriku. Kila akiniita mama, najiona kama chungu kilichotoboka. Jioni ile ile nikamwita chumbani, nikamweleza yote, kuanzia toroli mpaka noti.

Nilitegemea apige kelele. Ulimjua alivyokuwa mdogo, kwa nini tulimpa jina la ndege. Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya tumbo, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "nilikuambia wewe peke yako."

"Najua, mwanangu."

"Nilikuwa na marafiki ningeweza kuwaambia. Nikasema hapana, haya ni ya mama."

Akasimama kwa shida, akaenda mlangoni, akageuka. Alisema kwa upole kabisa, na upole ndio ulionimaliza.

"Heshima yako iko pale pale. Lakini kuanzia leo, mama, mimi na wewe tutaongea habari za hali ya hewa."

Hakuwa anajua maneno aliyoniambia mzee karakanani. Nilikuwa sijamwambia. Aliyatamka tu kama yalivyomjia, na mimi nikahisi mlango unafungwa, ule ambao mzee yuko nje yake miaka yote.

Amekuwa mtu wa kutimiza neno. Asubuhi, "Shikamoo mama, leo kuna mawingu." Mchana, "Mama, jua limetoka." Ananiwekea chakula, ananifulia, ananiuliza kama nimelala vizuri. Habari ya moyo wake, hata punje. Mumewe amepata likizo lini, mkunga amesema nini, nayasikia kupitia ukutani kama mpangaji.

Sasa ikifika alasiri tunakaa wawili barazani, mimi na mzee. Hakuna anayetuambia lolote. Yeye anasema upepo umegeuka, mimi nasema naam, umegeuka. Juzi mkewe alipita na beseni la vyombo akatukuta tumekaa hivyo, akauliza tunazungumza nini. Mzee akasema, "Mawingu." Tukacheka mpaka nikapaliwa, yeye asijue kwa nini.

Lakini ngoja nikuambie la Ijumaa. Mzee alikuwa anamtengenezea mjukuu kitanda, cha mbao nzuri, na alikuwa ameshakimaliza. Kijana alipotoka zamu akaingia karakanani, akamkuta baba yake anakibomoa. Anang'oa misumari mmoja mmoja, anatoboa matundu, anatia skrubu. Mimi nilikuwa hapo mlangoni nasubiri anitengenezee sanduku.

"Baba, si kilikuwa kimekwisha?" kijana akauliza.

"Kilikwisha," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Lakini nilikipigilia misumari. Cha misumari hakihamishiki. Hiki mtu anaweza kukifungua vipande, akapanda nacho ngazi za nyumba yoyote, akakifunga tena."

Kijana akasimama pale. Kisha akainama, akaanza kumwokotea baba yake misumari. Nami, Dada, nilijiuma ulimi mpaka nikasikia chumvi ya damu, nisiseme kitu.

Jioni kijana na Chiriku wakawaketisha wazazi wao sebuleni. Mimi niliingia chumbani na kufunga mlango, sikutega sikio. Naapa. Nilichokisikia ni kile kilichopenya chenyewe. Mama mkwe alilia. Kisha nikasikia sauti yake imejaa makamasi, inasema, "Na huko, vyombo atawaoshea nani?" Hapo nikasikia kicheko cha Chiriku, kile cha zamani, cha ndege. Kilinipita mlangoni. Hakikuwa changu, lakini nilikifurahia.

Watahama mtoto akishatimiza arobaini yake. Hilo ninaruhusiwa kukuambia, limekwisha kutangazwa mezani mbele ya wote.

Najua utasema ndiyo hivyo, mambo yameishia kwenye heri, kwa hiyo ulimi wangu umefanya kazi nzuri. Usiseme hivyo, Dada. Nimejaribu kujiambia hivyo nikashindwa. Heri ilitoka kwa mzee aliyekaa na neno mpaka likawa skrubu. Mimi nililimwaga tu. Na nimemwaga kitu ambacho mwanangu alinipa kukishika.

Sasa nifike mwisho, maana karatasi inaisha na nasikia wanatandika meza ya chakula cha jioni.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Chiriku akaja, akasimama kando yangu kwa muda. Nikamwambia, "Naona leo mvua haitanyesha." Hakunijibu la mvua. Akasogea karibu, akaniambia jambo moja sikioni. Fupi tu. Kisha akachukua kijiko akaanza kukoroga sufuria kama hakusema kitu.

Ni jambo zuri, Dada. Ungelifurahia sana. Nimeanza kukuandikia mara mbili, na mara mbili nimelikata, ndiyo maana unaona ule wino mzito hapo juu ya mstari huu. Usijaribu kusoma chini yake na usiniulize kwa simu. Ni la kwake. Akitaka ulijue, atakuambia mwenyewe.

Nisalimie sana shemeji na kikohozi chake. Nisalimie Kaka Mdogo na mkewe, wale mapacha wao watundu, na shangazi wa kona, mwambie dawa yake ya macho nimeiona dukani na nitamletea. Wateja wote waambie nipo, nitarudi. Wakikuuliza safari ilikuwaje, wajibu kwamba ilikuwa salama. Hilo linatosha.

Mungu akutunzie goti na nyumba yako, na mimi anitunzie ulimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Redio